Msizifute faili za .sxw

Faili isiyofunguka si lazima iwe imeharibika. Windows 98 inatazama herufi za mwisho za jina, kama .doc, kisha inaita programu iliyosajiliwa kwa herufi hizo. Programu ikiondolewa, faili inabaki bila wa kuifungua.

Mihtasari ya kikundi chetu cha kahawa, huku juu ya Tengeru, iliandikwa kwa Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi kubwa ile, na inastahili kukumbukwa! Faili zake zinaishia na .sxw. Kijana mmoja wa steshenari mjini alitaka kuzifuta akidhani ni virusi.

Kama OpenOffice bado imo kwenye mashine, bofya faili mara moja, shikilia Shift, bofya tena kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open with", ionyeshe OpenOffice, kisha weka alama kwenye kijisanduku cha chini ili iwe hivyo siku zote. Kwenye kompyuta mpya, LibreOffice inazisoma. Kuandika .doc mahali pa .sxw hakusaidii, maana kilichomo hakibadiliki. Fungua kwanza, ndipo uhifadhi kwa aina unayotaka.

Na wenye kompyuta za zamani za Windows 98 stoo, tafadhali nakilini diski kuu kabla hamjaziuza kama chuma chakavu.