Kijana wetu kaunda gitaa: tulivunje?



Ndugu wazazi, hapa Kimisagara tumeulizwa swali moja mara nyingi mno wiki hizi, tukaona bora tulijibu kwa maandishi. Kijana mmoja wa madrasa yetu, umri wake miaka 17, ameunda gitaa la umeme. Hakulinunua likiwa tayari. Mjomba wake alimletea kutoka Dubai boksi lenye vipande: ubao wa mwili ambao haujapakwa chochote, shingo yake, waya, nyuzi sita na mfuko wa skrubu. Kijana kakaa nayo tangu mwanzo wa masika, na sasa limekamilika na linalia. Baba mtu anataka kulivunja. Mama mtu hana raha. Kijana mwenyewe hajakanyaga darasani tangu siku aliyotukanwa mbele ya wageni.

Swali tunaloletewa ni hili: "Maalim, ni haramu au si haramu?"

Tuanze na hilo, na tusidanganyane. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza ala za nyuzi, na hoja yao kubwa ni hadithi iliyomo katika Sahih ya Imam al-Bukhari ambayo imezitaja ala za muziki pamoja na zinaa, hariri na pombe. Hata Imam al-Ghazali, ambaye katika Ihya alifungua mlango mpana kwenye mambo ya kusikiliza, nyuzi aliziweka upande wa makatazo kwa kuwa zilikuwa alama ya vikao vya walevi. Upande wa pili yupo Ibn Hazm wa Andalusia, aliyeona sanadi ya hadithi ile imekatika, akaruhusu. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye aliruhusu kwa masharti: maneno yawe safi, kikao kiwe safi, na mtu asipoteze wakati wake wote humo. Sisi katika madrasa hii tunafuata kauli ya wengi na hatufundishi ala. Lakini mwalimu anayemwambia mtoto wa miaka 17 kwamba kauli nyingine haipo atajikuta siku moja anasahihishwa na mtoto huyo huyo, maana vitabu siku hizi vimo ndani ya simu.

Hiyo ndiyo hukumu ya kupiga. Kuvunja ni mlango mwingine wa fiqhi, na wazazi wengi hawaujui. Imam Abu Hanifa aliona kwamba mwenye kuvunja ala ya mtu analazimika kulipa thamani ya mali ile, ingawa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu. Basi mambo yanayobishaniwa na maimamu wa daraja hiyo, sisi tunayamaliza kwa nyundo uani kabla ya Magharibi?

Tulikwenda kuliona gitaa lenyewe, kwani haifai kusema juu ya kitu ambacho hujakiona. Ule ubao kaupiga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, mpaka ukawa laini kama sahani. Vanishi kaipaka tabaka baada ya tabaka, na ninyi mnajua mvua za Aprili hapa Kigali: nguo tu hazikauki, sembuse vanishi. Anapaka leo, anangoja, anasugua tena taratibu, anapaka. Mara moja aliharakisha, rangi ikafanya malengelenge, akaikwangua yote akaanza upya. Hakuna aliyemlazimisha.

Kisha umeme wake. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya ule waya, na amplifaya huukuza. Alipoliwasha mara ya kwanza lilinguruma kama mzinga wa nyuki. Kijana alifuata waya mmoja mmoja hadi akagundua kuwa ule wa ardhi, unaofika kwenye chuma kinachoshika nyuzi, haukushika vizuri. Akaulehemu tena, kimya. Akatuonyesha pia jinsi ya kupima: ukibana uzi katikati kabisa ya urefu wake, sauti inayotoka lazima iwe ileile ya uzi mtupu, ila juu zaidi. Ikipishana kidogo tu, anasogeza skrubu ya nyuma.

Huyu ndiye kijana ambaye baba yake hutuambia hana subira.

Sisi walimu tunawasomesha watoto kwamba Nabii Dawud (A.S.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya na apime vizuri pete zake. Tunawafundisha kwamba alikula kwa kazi ya mikono yake. Halafu mtoto akipima, akasugua, akalehemu, tunaona nyuzi tu!

Wapo watakaosema tunapamba maovu. La. Mpira wake kijana asipige gitaa nyumbani kwa baba yake, baba akikataa; hiyo ni haki ya baba. Tunachokiogopa ni kingine. Ubao ule haujui njia ya baa. Ila kijana aliyevunjiwa kazi ya miezi miwili mbele ya wadogo zake ataijua haraka, na huko watampokea kwa kupiga makofi. Wengi mnakumbuka habari ya Yusuf Islam, yule mwimbaji wa Uingereza aliyesilimu mwaka 1977 akaachana na magitaa yake. Zaidi ya miaka 20 baadaye mtoto wake alileta gitaa nyumbani. Mzee hakulivunja, akalishika mwenyewe, na mwaka 2006 akatoa albamu. Hatusemi mumuige. Tunasema mlango wa nyumba ile ulibaki wazi, na mtoto alibaki ndani.

Amplifaya ya ndani ya msikiti wetu inanguruma kila Ijumaa tangu Shaabani, ugonjwa uleule wa waya wa ardhi kwa kadiri tunavyosikia, na fundi wa mwisho alichukua pesa akaiacha ilivyo. Tumempelekea kijana salamu kupitia dada yake kwamba aje aifungue. Baba yake tumemwomba amsindikize, wasitumane.

Pia kuanzia Jumamosi, baada ya Alasiri, chumba cha nyuma cha madrasa kitakuwa wazi kwa vijana wanaopenda ufundi. Mwenye redio mbovu, pasi ya kulehemu au meza imara asiyoitumia, ailete, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.