Maswali ya Nyumbani: Nyayo za Laetoli

Wazazi hutuuliza wawajibuje watoto wasikiapo habari za mifupa ya kale. Msiwanyamazishe. Aliyeiumba nchi haogopi ichimbuliwe.

Wasimulieni habari za Laetoli, kusini ya bonde la Olduvai, katika Tanzania. Yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, mlima wa moto ulitapika majivu yakaifunika nchi ile. Mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi. Wakapita tembo, twiga na kanga. Wakapita na viumbe waliokwenda wima kwa miguu miwili. Majivu yakakauka, na mengine yakafunika juu. Mwaka 1978 Bibi Mary Leakey na wenziwe walizifunua nyayo zenyewe: kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele kama chetu. Hata matone ya mvua ile yameacha alama!

Mwaka 1979 zilifukiwa zisiharibike. Lakini udongo ule ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikashuka kuzielekea, hata ikabidi zifukuliwe na kufunikwa upya miaka ya 1995 na 1996.

Basi mtoto akiona mfupa uliogeuka jiwe korongoni, asiuokote. Umri wake hujulikana kwa tabaka la udongo ulimolala. Ukiisha kuondolewa, nani ataujua? Na amwite mwalimu, apachore mahali pale, kisha habari ipelekwe kwa watu wa Makumbusho.