Tovuti Nzito Humfukuza Mteja

Mfanyabiashara mdogo wa Mombasa au Unguja aliyetoa mali yake ya halali kujengewa tovuti, kisha akaridhika kwa kuwa yafunguka upesi katika kompyuta ya fundi, aghalabu hana habari ya taabu impatayo mteja aifunguaye kwa simu ya bei nafuu, penye mtandao dhaifu, naye hulipia kila megabaiti kutoka mfukoni mwake. Huo, kwa rai yangu, ni upungufu wa insafu kabla haujawa hasara ya biashara.

Dawa yake si ghali. Google hutoa bila malipo chombo kiitwacho PageSpeed Insights, ambacho, ukikipa anwani ya tovuti, huitunuku alama zisizozidi 100 na kukubainishia sababu za uzito wake. Na kadiri iliyowekwa na Google ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa idhihiri ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi sababu ni picha: ile ya megabaiti 5 itokayo katika kamera yaweza kupunguzwa hata chini ya kilobaiti 200, wala jicho lisitambue tofauti katika kioo cha simu.

Basi, enyi wenye maduka na nyumba za wageni, ipimeni tovuti kwa simu dhaifu kabisa mtakayoipata, wala msimmalizie fundi ujira wake kabla hamjaridhika.