Idi ya kuchinja katika mwaka wa dhiki

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, Februari 26, 2025 Waislamu wa Moroko walisikia jambo ambalo vijana wao wengi hawakuwahi kulisikia maishani. Katika televisheni ya taifa, Waziri wa Wakfu na Mambo ya Kiislamu, Ahmed Toufiq, aliwasomea ujumbe wa Mfalme Mohammed wa Sita uliowataka wasichinje katika Idul-Adh-ha ya mwaka huo. Nchi ilikuwa imepigwa na ukame wa miaka mfululizo. Serikali ilikwisha kueleza kuwa mifugo imepungua kwa asilimia 38 ikilinganishwa na hesabu ya miaka tisa nyuma, na bei ya nyama ilikuwa juu. Mfalme alisema kuchinja katika hali hiyo kungewadhuru wengi, hasa wenye kipato kidogo, na kwamba yeye atachinja kwa niaba ya watu wake. Swala, sadaka na kuunga udugu vingebaki kama kawaida. Baba yake, Mfalme Hassan wa Pili, naye alipata kutoa wito kama huo mwaka 1963, 1981 na 1996.

Habari hii inatuhusu hata sisi tulio mbali na Moroko, kwa sababu swali lililo ndani yake hutufikia kila mwaka maisha yanapokuwa magumu. Je, inafaa kula na kufurahi wakati watu wana dhiki? Wako wanaosema sherehe isubiri neema. Wako pia wanaosema Idi ni Idi, hata kwa kukopa. Sisi tunaona makundi yote mawili yameiacha njia.

Tumrejee Mtume (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa mwaka mmoja, wakati wa Idi, waliingia Madina watu wa jangwani waliodhoofika kwa shida. Mtume akawaamuru watu wa mji wasibaki na nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu, na itakayozidi waitoe sadaka. Mwaka uliofuata masahaba walipouliza juu ya katazo hilo, aliwafahamisha kuwa lilikuwa kwa ajili ya wale wageni wenye shida. Sasa wale, watoe na waweke akiba.

Tuizingatie vyema hukumu hii. Katika mwaka wa dhiki Mtume hakuifuta furaha ya Idi, wala hakuwataka watu wakae kama walio matangani. Alichokigusa ni akiba. Mwenye nyama alikula, lakini hakuruhusiwa kuilimbikiza ilhali kuna mwenye njaa mjini. Kwa hiyo mwaka wa shida unabadilisha mgawanyo wa chakula, hauifuti karamu.

Ni kwa kipimo hicho tunayatazama yaliyofuata Moroko. Idi ya huko ilikuwa Juni 7, 2025, na siku za kuielekea vyombo vya habari viliripoti misururu kwenye mabucha, huku maini na utumbo vikipanda bei. Hatuwabezi ndugu zetu. Sufuria isiyo na nyama siku ya Idi ni jambo zito kwa mzazi. Wala hatupingi uamuzi ule, kwani uliwapa ahueni wafugaji na kuwaondolea aibu akina baba wengi wasio na uwezo. Tunalosema ni kwamba amri ya mtawala inaweza kuzuia kisu, lakini kugawana hakuletwi na amri peke yake. Mwenye fedha alikuwa na njia ya kupata kilo zake. Asiyekuwa nazo alimtegemea jirani, kama zamani.

Sasa tujitazame wenyewe. Hapa kwetu Tanzania hakuna aliyekatazwa kuchinja, lakini tunajikaza kupita uwezo. Tumewaona akina baba wakikimbilia mikopo ile inayoitwa kausha damu ili watoto wao wasichekwe mtaani kwa kukosa mbuzi. Nyama huliwa siku mbili, deni hulipwa kwa miezi, na riba Mwenyezi Mungu ameiharamisha. Ni nani aliyewatwisha mzigo huu? Si sheria. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea pwani yetu, kuchinja ni sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo. Imam Abu Hanifa aliyesema ni wajibu, naye amesema ni kwa mwenye uwezo. Na Mtume mwenyewe alichinja kwa ajili ya wale wa umma wake wasioweza. Basi asiyeweza hana deni kwa Mola wake. Asijitafutie deni kwa mkopeshaji.

Ama mwenye uwezo, huyo ndiye mwenye kazi katika mwaka wa dhiki. Siku ya Idi ni haramu kufunga, na vivyo hivyo siku tatu zinazofuata, kwani ni siku za kula, kunywa na kumtaja Mungu. Sheria iliyomkataza fakiri kufunga siku hizo imemwachia nani kazi ya kumlisha, kama si yule ambaye chungu chake kinachemka?

Njia ipo, na ni nyepesi. Ng'ombe mmoja anatosha kwa udh-hiya ya watu saba. Majirani saba wakiweka fedha kidogo kidogo mwaka mzima, kama kinamama wanavyofanya katika vikoba, watafika mnadani bila kukopa. Nyama ikishakatwa, mafungu ya wajane, mayatima na wapangaji wa chumba kimoja yatoke kwanza, kabla ya letu halijaingia kwenye jokofu. Kisha tupike pilau, tuvae nguo zetu safi, watoto wacheze, na wala tusione haya kufurahi.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul-Hajj kuwa nyama na damu havimfikii Yeye, bali humfikia uchamungu wetu. Nyama hiyo basi na imfikie jirani.

Wabillahi tawfiq.