Pan Hakuzaliwa Kapkatet

Tulipotangaza kwamba toleo hili lingehusu nyota wa Marekani wa miaka ya filamu bubu na jinsi walivyotufikia, waandishi wengi walikimbilia palepale: Chemirocha, nusu mtu nusu swala, mungu wa Wakipsigis. Nimemchoka mungu huyo.

Pan, mungu anayefananishwa naye, ni wa Wagiriki. Aliyemleta kwetu ni Hugh Tracey, katika maelezo ya nyimbo alizonasa Kapkatet mwaka 1950. Wasichana wenyewe, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, walikuwa wakimhimiza Chemirocha aruke, aruke mpaka achomoke ndani ya nguo zake. Miungu huabudiwa hivyo wapi? Mimi nasikia utani wa wasichana, tena wenye ufundi. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye jina lake ndilo lililogeuka Chemirocha, alikwisha kufa New York mwaka 1933, kifua kikuu kikimchukua akiwa na miaka 35. Filamu yake fupi ya 1929, The Singing Brakeman, haifiki hata robo saa: mavazi ya reli, gitaa, nyimbo tatu. Kwato hamna. Sinema bubu ilitupa Chaplin mwenye mwili asiye na sauti. Santuri ikatupa Rodgers mwenye sauti asiye na mwili, na mwili akaja kupewa na wasichana wa Kapkatet, miguu ya swala na yote. Hao ni watunzi, si waumini. Hata hivyo wasomi wetu humtaja Rodgers kwanza, Tracey wa pili, na Ketienya, akibahatika, kwenye mabano.

Katika toleo hili, makala ya wamisheni na gramafoni zao imechimba vizuri, ingawa mwandishi naye anamwamini Pan kupita kiasi. Ya Martin na Osa Johnson, wapiga filamu wa Marekani, itawafaa wapenda simba. Mahojiano na mpiga chepkong, kinubi cha Wakipsigis, yasomeni mara mbili.

Mwaka 2015 Ketebul Music na wenzao walizirudisha rekodi hizo Kapkatet kutoka hifadhi ya ILAM, Afrika Kusini, na baadhi ya wazee walionaswa wakapatikana wakiwa hai. Jambo jema, lakini miaka 65! Na waliomwitikia Ketienya bado wameandikwa "wasichana wa Kipsigis" tu. Msomaji wa Litein, Sotik au Bomet, kama una kogo, yaani bibi, aliyekuwa msichana Kapkatet enzi hizo, muulize nani waliimba siku ile, kisha utuandikie. Akiridhia, majina tutayachapa toleo lijalo.