Nani Atamwambia Mheshimiwa Hapana?

Jumapili ya tarehe 28 Novemba 2010 uwanja wa Kamukunji pale Kibera ulijaa. Raila Odinga, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Lang'ata, alisimama mbele ya watu waliomwita Agwambo kwa mapenzi yao wenyewe, na katikati ya hotuba akasema wanaume wakipatikana pamoja washikwe, na wanawake vivyo hivyo. Akaitaja na sensa iliyokuwa imetangazwa miezi mitatu nyuma: wanawake wa Kenya ni wengi kuliko wanaume, basi haja ya mambo hayo iko wapi? Katiba mpya, ambayo yeye aliipigania kuliko wengi, nayo ilikuwa na miezi mitatu tu. Ibara yake ya 28 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na ya 31 inamlindia faragha yake.

Raila amelala Bondo tangu Oktoba 2025, na siandiki haya kumfufulia kesi. Watu wa Soweto East, hapo hapo Kibera, wana sababu za kumkumbuka kwa wema. Septemba 2009 alikuwapo familia za kwanza zilipotoka kwenye vyumba vya mabati kwenda kwenye ghorofa za Lang'ata, mradi wa kuboresha mtaa ulipoanza kuonekana kwa macho baada ya miaka ya ahadi. Aliyempenda alikuwa na haki ya kumpenda. Ninachokipiga vita ni imani iliyojengwa juu ya mapenzi ya namna hiyo, si kwake tu, kwa kila mkubwa tuliye naye: kwamba mtu wa mkubwa hampingi mkubwa. Msaidizi mwema, tunaambiwa, hucheka mkubwa akicheka na hununa mkubwa akinuna. Mkubwa akiteleza ulimi, yeye ndiye wa kwanza kuwaeleza waandishi kwamba mheshimiwa hakunukuliwa sawasawa.

Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoumizwa nayo ni watu ambao hata jukwaani hawakukaribia.

Miaka ile nilikuwa na jirani pale Soweto East, amenizidi umri, nikimwita kaka. Alikuwa akitembea na mwanasiasa mmoja wa ngazi ya chini. Alibeba simu tatu, alipanga vijana wa kushangilia, alijua nani amefiwa na mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kazi hiyo haina mshahara unaoeleweka. Ina bahasha, ina nauli, na zaidi ya yote ina tumaini. Katika ploti yetu alikaa kijana fundi cherehani, mpole, na mwenzake. Watu walijua na wakanyamaza, kama tunavyonyamazia mengi mahali ambapo ukuta ni bati na jirani akigeuka kitandani unamsikia. Kisha siku moja yule mwanasiasa akapewa kipaza sauti kwenye mazishi, akasema mtaa usafishwe. Wiki haikuisha. Vijana walimtolea fundi cherehani yake nje, ikaangukia matope, na yeye akaondoka usiku.

Nilimwuliza kaka: asubuhi ile ulikuwa garini naye, na ulijua nani anaishi kwetu. Hukumwambia kitu?

Alinitazama kama mtu mzima aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningemwambia nini, ndugu yangu? Mimi ni mtu wake."

Tuna methali ya mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku zote tunamlaumu mgema. Lakini ni nani aliyemsifu? Ni yule aliyekaa karibu naye kiasi cha kuonja kabla ya wateja, akaonja maji, akasema tamu. Huyo ndiye aliyemharibia mgema jina, na bado anajiita rafiki yake.

Mimi ni Mlutheri, na ubovu wa imani hii, kwamba mtu wa mkubwa hampingi mkubwa, niliujua kanisani, ingawa hakuna aliyekusudia kunifundisha. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Kenya lilitokana na wamisionari wa Kiswidi walioanza kazi Kisii mwaka 1948. Walikuja na Biblia, na shule, na zahanati, na pesa za kuendesha vyote, kwa hiyo kwa miaka mingi neno la Mswidi lilipokewa kama neno la mzazi. Kisha ukaja mwaka 2009. Mwezi Agosti, mjini Minneapolis, mkutano mkuu wa kanisa kubwa zaidi la Kilutheri la Marekani ulipiga kura 559 dhidi ya 451 kuwaruhusu wachungaji wanaoishi katika uhusiano wa kudumu na mtu wa jinsia yao. Oktoba sinodi ya Kanisa la Sweden ikakubali kufungisha ndoa hizo, kura 176 kati ya wajumbe 249.

Afrika ilijibu haraka. Januari 2010 maaskofu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, walitoa Tamko la Dodoma. Walizikataa ndoa hizo, wakasema walio ndani yake na wanaozitetea wasialikwe kufanya kazi katika kanisa lao, na wakaongeza jambo ambalo lilinishtua nilipolisoma: hata pesa za watu hao hawazitaki. Mwanzoni mwa 2013 Mekane Yesus ya Ethiopia, moja ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, ikakata ushirika na Waswidi na Wamarekani hao. Na hata kabla ya yote hayo, Februari 2005, askofu wetu Walter Obare alikuwa amekwenda Göteborg akamweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu wa Waswidi waliopinga uchungaji wa wanawake, kinyume cha matakwa ya Kanisa la Sweden lenyewe. Hilo lilimgharimu nafasi yake ya ushauri kwenye Baraza la Shirikisho la Walutheri Duniani.

Niseme ninaposimama. Kuhusu uchungaji wa wanawake sikubaliani na Obare hata kidogo. Tamko la Dodoma nalikubali nusu: kanisa lina haki ya kuamua ni ndoa ipi ibarikiwe madhabahuni pake, lakini kumfungia mtu mlango wa kazi kwa sababu ya maoni yake ni woga uliovishwa kanzu. Hayo tubishane siku nyingine. Leo natazama jinsi maaskofu hao walivyopokelewa. Walutheri niliokaa nao Kibera na Kawangware walisema hawa ni wanaume, hawanunuliki. Sikumsikia hata mmoja akisema wameuma mkono unaowalisha, wala wamemsaliti Mswidi aliyewajengea shule.

Kumbe tunajua! Tunajua vizuri kabisa kwamba mtoto anaweza kumwambia mzazi hapana akabaki mtoto, na kwamba anayekula kwako anaweza kukukatalia usoni bila kuwa adui yako. Tunalijua likimhusu Mswidi. Likimhusu mheshimiwa wa kwetu, au mchungaji wa kwetu anapowataja watu madhabahuni hadi mama zao wanashindwa kuinua uso, ghafla hapana inakuwa usaliti.

Walutheri tuna sababu ya ziada ya kuona aibu, kwa maana kanisa letu lilinusurika kwa sababu ya msaidizi wa mwanasiasa. Kila mwanafunzi wa kipaimara anajua Martin Luther alikataa kukana maandishi yake mbele ya mfalme mkuu mjini Worms mwaka 1521. Wachache wanamjua Georg Spalatin. Huyo alikuwa katibu wa Frederick, mtawala wa Saxony, na Frederick alikuwa na mali ya kupoteza: mkusanyiko wa masalia ya watakatifu uliozidi vipande 19,000, ambao mahujaji waliujia kutafuta msamaha wa dhambi, msamaha uleule ambao Luther aliushambulia. Katibu wa kawaida angemwambia bwana wake amtoe huyo mtawa kabla hajawaharibia. Spalatin alimtetea mtawa kwa bwana wake, mwaka baada ya mwaka, akiwa katikati ya wote wawili. Barua za Luther kwake zinazidi 400. Na hakumwacha Frederick. Alimtumikia hadi mtawala huyo alipofariki mwaka 1525. Nani angethubutu kusema Spalatin hakuwa mtu wa Frederick?

Kwetu mfano ulio karibu una uchungu zaidi. Miguna Miguna alikuwa mshauri wa Raila hadi aliposimamishwa kazi Agosti 2011. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichomvua bwana wake nguo hadharani, na jina alilopewa kila kona ya Kibera ni moja, msaliti. Sikukipenda kitabu kile. Hapana inayosemwa baada ya mshahara kukatwa huja imechelewa na imechanganyika na hasira. Lakini tarehe 30 Januari 2018, Raila alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park na vigogo wenzake wa muungano wakakosekana, aliyekuwa kando yake pamoja na T. J. Kajwang' ni nani? Ni Miguna. Siku chache baadaye alifukuzwa nchini, akarudi kwa amani mwaka 2022 tu. Kama kipimo cha uaminifu ni makofi, tueleze basi wapiga makofi walikuwa wapi siku ile.

Najua jibu linalonisubiri. Kibera si ikulu ya Saxony. Ukimpinga mkubwa unakosa unga, na mwenye njaa hana anasa ya dhamiri. Kukosa unga ni kweli, na simdharau kaka kwa kuogopa. Ninachokikataa ni kuubatiza woga huo jina la uaminifu, kwa kuwa hata mkubwa mwenyewe haumfai. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba tume ya kutetea haki za mashoga na wasagaji isikataliwe kusajiliwa kama shirika. Hilo tu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, chenye adhabu ya miaka 14 na mizizi ya kikoloni, hakikuguswa. Mbona basi wiki nzima tulisikia viongozi wakipaza sauti kwamba mahakama imehalalisha ushoga na ndoa za jinsia moja? Kila mmoja wao ana msaidizi anayelipwa kusoma. Ilihitajika sauti moja ndani ya gari: mkubwa, hukumu haisemi hivyo, usijiaibishe. Wasaidizi walikuwa kwenye simu wakitafuta mahali penye umati mkubwa zaidi.

Kaka aliniuliza angemwambia nini, na usiku ule sikuwa na jibu. Leo ninalo. Kaka, ungemwambia hivi: Mheshimiwa, kule tunakokwenda kuna kijana anayeshona sare za watoto wa nusu ya mtaa. Mama yake alikupigia kura. Ukilisema lile neno leo, kabla ya Jumapili cherehani yake itakuwa kwenye matope, na watakaoitupa watasema umewatuma wewe. Wafariji wafiwa, sema maji, sema vyoo, sema barabara. Hilo liache.

Ni maneno ya dakika moja. Na asubuhi ile, kwa alivyonisimulia mwenyewe, foleni ya Barabara ya Mbagathi iliwaweka garini karibu saa nzima.