Mzio wa chakula safarini: Lebo haifiki kwenye sufuria ya mama lishe

Julai 2016, Natasha Ednan-Laperouse, msichana Mwingereza wa miaka 15, alinunua mkate wenye kitoweo ndani katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, akielekea Nice, Ufaransa. Alikuwa na mzio wa ufuta, hali ambayo wengi huiita aleji. Karatasi ya mkate haikutaja ufuta, kumbe ulikandwa ndani ya unga. Alizidiwa angani. Baba yake alimchoma sindano mbili za adrenalini, lakini hakupona.

Kifo hicho kilibadili sheria. Tangu Oktoba 1, 2021, chakula kinachofungwa dukani Uingereza kabla ya mteja kukichagua lazima kiandikwe viambato vyote. Novemba 2024, tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula duniani chini ya FAO na WHO, nayo ilipitisha marekebisho ya lebo. Ufuta sasa umo kwenye orodha pamoja na karanga, korosho, maziwa, mayai, samaki, kamba na ngano.

Je, hatua hizo zinamfikia abiria wa basi Afrika Mashariki? Kwenye biskuti za pakiti, huenda. Lakini basi linaposimama kwa chakula, wengi hula kilichopikwa sufuriani, na sufuria haina lebo. Mwenye habari ni mpishi peke yake.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni swali, tena liulizwe kwa kutaja kitu chenyewe. Mchicha na kisamvu huungwa kwa karanga zilizosagwa, na ukishaiva hutaziona. Mwambie: "Mama, samahani, humu umetia karanga? Nikila naumwa sana, hata pumzi inakata." Ukisema tu "sipendi karanga", atakuondolea zile za juu akupe zilizobaki. Uliza pia kama chipsi zimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia samaki.

Ukivuka mpaka, majina hubadilika. Kenya, karanga huitwa pia njugu. Uganda, kwa Kiganda, ni ebinyeebwa. Ufuta huitwa simsim. Jifunze jina kabla ya safari, na ukiwa na shaka, beba chakula chako.

Ugumu mwingine ni ugeni. Kukataa chakula cha mwenyeji huonekana dharau, hivyo wapo wanaokula kwa aibu. Ni heri kupiga simu mapema kuliko kukataa mezani.

Hatari huongezeka pale mtu anapovimba midomo ghafla na waliopo wakadhani kalishwa sumu. Mpishi anashukiwa, mgonjwa ananyweshwa maziwa, na muda unapotea. Maziwa hayatibu mzio. Koo likiwa limevimba yanaweza kumpalia, na kwa mwenye mzio wa maziwa ni kuongeza moto.

Dalili za hatari ni ulimi au koo kuvimba, kupumua kwa shida, sauti kukwama, kizunguzungu au kuzimia. Vipele na kutapika vinaweza kuambatana nazo. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya sindano hiyo.

Mlaze mgonjwa na kumwinua miguu. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Dereva aelekee kituo cha afya kilicho karibu zaidi, asisubiri mwisho wa safari. Hata akipata nafuu, abaki chini ya uangalizi, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Aliyewahi kupata hali hii azungumze na mganga kabla ya kusafiri: adrenalini itapatikana wapi njiani? Na abiria wa kiti cha pili aambiwe mapema, kwa sababu koo likishavimba, mgonjwa huenda asiweze kujieleza.